Nukta ya Nne

Kipepeo dume ana nukta nne kwenye bawa la nyuma,
jike ana tatu.
Hilo mama alitufunza kabla ya jedwali la kuzidisha,
ndani ya wavu nyuma ya nyumba yetu, Pete,
mabundo yakining'inia kijani kwenye kamba,
kila moja na tone lake la dhahabu.

Mwezi wa Rajabu yalipasuka arobaini na moja.
Mama akafunua mabawa kwa ncha za vidole,
kama afunuaye msahafu ulioliwa na mchwa.
Tatu. Tatu. Na huyu tatu.
Dume hata wa dawa.

Na mayai, chini ya majani ya mpamba mwitu:
nusu yalitoa viwavi, nusu yakapiga weusi, yakasinyaa.
Waliotoka waligeuka,
wakawala kaka zao ambao hawakutoka.
Ndiyo chakula chao cha mwanzo duniani.

Machano wa nyumba ya pili akasema, "Umefanyiwa, Mize."
Mama akacheka mpaka ushungi ukamvuka.
"Mchawi gani huyo, mwenye shida na waume wa vipepeo?"

Shemsa akaja kutoka chuoni Tunguu,
hadubini yake ndani ya sanduku la biskuti.
Akaponda yai moja kwenye kioo, akainama, kimya,
mpaka chai yake ikafanya utando.
Akasema: "Mna mpangaji."

Anakaa ndani ya yai,
kasokotwa kama kamba ya makumbi,
hata neno dogo ni kubwa kwake.
Hahami ila kutoka kwa mama kwenda kwa binti;
mbegu ya dume nyembamba, haina chumba cha kumbeba.
Mtoto wa kiume kwake ni nyumba isiyo mlango wa uani.
Basi humzima kabla hajawa,
dada zake wale, washibe, wambebe yeye mbele.
Hana chuki.
Hana hata kichwa cha kuiweka.

"Wako wengine," Shemsa akasema, "kwa wadudu wengine.
Yuko anayemgeuza dume akawa jike.
Yuko anayemfunza jike kuzaa bila mume.
Na yuko anayemwacha dume aishi, ale, apande,
ila humtia kufuli kwenye mbegu,
na ufunguo anao jike mwenye mpangaji yule yule.
Akimwendea mwingine, mayai hayaanguliki."

Mama alikuwa anapepeta mchele.

Mama ana mabinti sita. Mimi wa tano.
Alipozaliwa wa sita, baba hakuuliza jina.
Alikunja shuka lake, akenda kuoa Makunduchi,
"nikatafute wa kunizika."
Pete nzima ikalijadili tumbo la mama
kama shamba lisilokubali muhogo.

"Na sisi watu," mama akauliza, "anayepanga nani?"
"Mbegu ya baba," Shemsa akajibu,
jicho kwenye kioo, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi.
"Ya baba."
"Ndiyo, Bi Mize. Ya baba."
Mchele uliruka juu ya ungo.
Nahisi ulichelewa kushuka.

Mpangaji akimaliza waume wote, na nyumba itamwangukia.
Kwa hiyo tulikwenda Muyuni na kyandarua kilichotoboka,
tukarudi na watatu wa nukta nne
ndani ya pakacha lililofunikwa kanga.
"Tumetoka kuposa," mama aliwaambia watu njiani.
Aliwaachia wavuni mmoja mmoja: karibu mkwe, karibu mkwe.
Anajua watazaa mabinti tena.
Mwaka ujao tutaposa tena, labda Kizimkazi.

Juzi alikuja kijana wa baiskeli kutoka Makunduchi.
Mke wa baba kajifungua.
Alisimama nje ya wavu, anahema,
hajui aseme kwa furaha au kwa pole.
"Wa kike."
Mama hakuinua uso.
"Tatu," alisema,
akafunua bawa jingine.